Annie Maunder, Madame Lepaute na hii "a-" yetu



Naomba nianze na aibu yangu mwenyewe. Majuzi niliandika ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa ajili ya darasa la Jumamosi la watoto wetu hapa London, mada ikiwa ni jua na madoa yake. Sehemu moja ilisema hivi: "Mtaalamu huyu alipiga picha ya jua pale Greenwich kila siku isiyo na mawingu, akayapima madoa yake na kuyaandika daftarini, na kwa kazi hiyo alilipwa pauni nne kwa mwezi." Kabla ya kuwapa watoto nikawasomea wazazi watatu, watu wazima na elimu zao, nikawauliza mnamwonaje mtu huyo. Wa kwanza akasema mzee wa ndevu. Wa pili akasema Mzungu mwenye koti refu jeusi na saa ya mnyororo. Wa tatu, mama mwenye shahada mbili, akaniuliza kama siyo yule Halley wa nyota yenye mkia.

Hakuna aliyemwona msichana wa miaka 23 kutoka Ireland ya kaskazini. Na mimi niliyejua fika kwamba ni msichana, niliporudia sentensi yangu nikakuta sikuwapa hata herufi moja ya kuwasaidia.

Sasa basi. Wengi wetu tuliosomesha Kiswahili ughaibuni tuna dai moja tunalolipenda mno. Tunawaambia wanafunzi wa Kiingereza na Kifaransa: tazameni, nyinyi mna kiwakilishi cha mwanamume na kiwakilishi cha mwanamke, sisi tuna "yeye" tu, na kwenye kitenzi tuna "a-" moja inayowatosha wote. Lugha yetu haimbagui mtu. Nimelisema dai hilo mara nyingi, na wanafunzi hulifurahia. Leo nataka nilipime kwa maisha ya mtu mmoja, Annie Scott Dill Russell, baadaye Maunder, kwa sababu kwake kiwakilishi hakikuwa mchezo wa darasani. Kilikuwa kufuli la mlango, hapa hapa London.

Kwa ufupi, Annie alizaliwa Strabane mwaka 1868, baba yake mchungaji wa Presibiteri. Alisoma hisabati chuo cha Girton, Cambridge, akafanya mitihani ile ile ya wanaume mwaka 1889 na kufaulu vizuri, lakini shahada hakupewa, maana Cambridge haikuwapa wanawake shahada hadi mwaka 1948. Yeye alifariki 1947. Hesabu wenyewe.

Akafundisha mwaka mmoja kisiwani Jersey kwa mshahara wa pauni 80 kwa mwaka. Halafu, Septemba 1891, akaingia Greenwich kwenye kituo cha kifalme cha kuangalia nyota, kwa pauni 48 kwa mwaka. Ndiyo, alishuka. Kazi yenyewe iliitwa "computer", na hapa vijana wetu hushangaa: neno hilo kabla ya kuwa jina la mashine lilikuwa cheo cha binadamu, mtu wa kukokotoa. Greenwich walikuwa wamezoea kuajiri wavulana waliotoka shuleni kwa kazi hiyo. Mkuu wa kituo, William Christie, kuanzia 1890 akajaribu kuchukua wanawake wachache waliosoma vyuoni. Aliwaweka ngazi ile ile ya wavulana, kwa kuwa serikali haikuwa na ngazi nyingine ya kuwawekea. Kwa hiyo unamkuta mtu aliyefaulu mtihani mgumu kabisa wa hisabati nchini akikalia kiti cha mtoto wa miaka kumi na minne. Mpango wenyewe ulikufa baada ya miaka michache tu.

Annie aliwekwa idara ya jua, chini ya Edward Walter Maunder. Kila siku jua likionekana, picha; kila picha, madoa yapimwe, ukubwa na mahali pake kwenye uso wa jua. Mfululizo huo wa Greenwich ulianza 1874 na ukaendelea hadi 1976, na siku ambazo London ilifunikwa na mawingu (yaani siku nyingi, mnaoishi huku hamhitaji kuelezwa) pengo lilizibwa kwa picha za Dehra Dun kule India na za Mauritius. Nawataja Mauritius makusudi. Tunapenda kusimulia sayansi ya Ulaya kana kwamba ilifanyika yote chini ya mbingu za Ulaya, kumbe rekodi ya jua ya Greenwich ina siku zake zilizopigwa picha katika bahari yetu.

Nije kwenye kufuli.

Royal Astronomical Society, jumuiya kubwa ya wataalamu wa nyota hapa London, iliundwa 1820 na kupata hati ya kifalme 1831. Haikuwa jumuiya ya watu wasiojua kwamba wanawake wanaweza kazi hii. Mwaka 1828 ilimpa Caroline Herschel medali yake ya dhahabu, na 1835 ikamfanya yeye na Mary Somerville wanachama wa heshima. Heshima, lakini siyo uanachama wenyewe. Mwaka 1886 Norman Pogson, mkuu wa kituo cha nyota cha Madras, akampendekeza binti yake Isis, aliyekuwa msaidizi wake kazini, awe mwanachama kamili. Wanasheria wakaulizwa. Wakafungua hati ya 1831, wakasoma, na jibu lao likawa kwamba haiwezekani, kwa sababu kila mahali hati inapomtaja mwanachama inatumia "he". Pendekezo likaondolewa.

Miaka sita baadaye, 1892, wakapendekezwa watatu kwa mpigo: Elizabeth Brown, Alice Everett na Annie Russell. Safari hii ilifika kwenye kura, na kura hazikutosha. Mlango haukufunguliwa hadi Januari 1916, vita vikiwa vimepamba moto. Annie akaingia Novemba mwaka huo. Alikuwa na umri wa miaka 48. Isis Pogson akaingia 1920, miaka 34 baada ya baba yake kuandika jina lake.

Ninapowasimulia hadithi hii Waswahili wenzangu, wote huitikia kwa namna moja. Wanacheka. "Hati hiyo ingekuwa ya Kiswahili, mwanasheria angekosa pa kushika!" Kweli kabisa. "Mwanachama atalipa ada yake kila mwaka, na asipolipa atafutwa." Hapo nani mwanamume? Na mimi nilikuwa nacheka nao, hadi nilipoandika ule ukurasa wa darasa la Jumamosi.

Jaribuni zoezi hili. Andikeni wasifu wa Annie kwa Kiswahili bila kutaja jina lake la kwanza wala neno "mwanamke". Alizaliwa. Alisoma. Alifaulu. Alifundisha. Aliajiriwa. Alipiga picha. Alipima. Alipendekezwa, akakataliwa. Hadi hapo msomaji yuko huru kabisa, na uhuru wake anautumia kumweka mzee wa ndevu. Halafu mnafika Desemba 1895, na hapo lugha yetu, ile isiyobagua, inawalazimisha kuchagua. Mtaandika "alioa" au mtaandika "aliolewa"?

Aliolewa. Na ndilo neno la kwanza katika wasifu mzima linalomjulisha msomaji kwamba huyu ni mwanamke. Tena kwa umbo la kutendwa: mpaka sasa alikuwa akitenda, sasa ametendwa. Na ni neno lile lile lililomfukuza kazi! Kanuni za utumishi wa serikali ya Uingereza wakati huo zilimtaka mwanamke akiolewa aache kazi. Aliolewa na Maunder mwenyewe, mkuu wake wa idara, mgane mwenye watoto, aliyemzidi miaka kumi na saba. Maunder aliendelea na kazi. Annie akatoka. (Angalieni pia kwamba Kiswahili kina "mjane" na kina "mgane". Kumbe tukitaka kutofautisha tunajua, ila mambo yenyewe tunayoyatofautisha ni ndoa na kifo.)

Kuna mtu ataniambia siku hizi tunaandika "walioana". Nalikubali neno hilo, na kwenye kadi za harusi nalitumia. Lakini hapa linadanganya. Ukisema "walioana Desemba 1895, na Annie akaacha kazi", msomaji atauliza mbona yeye na siyo mwenzake, na atajijibu kwamba pengine alitaka kupumzika. "Aliolewa" lina uchungu, lakini linaeleza kilichotokea ofisini. Mimi nimelibakiza.

Alichofanya baada ya kufukuzwa ndicho kinachonifanya nimpende mtu huyu. Girton walimpa ruzuku ya utafiti, akainunulia lenzi ndogo yenye upana wa inchi moja na nusu, inayoona eneo pana la anga. Januari 1898 yeye na mumewe walikwenda India kulifuata jua likipatwa. Kwa kamera yake hiyo Annie alinasa mkia wa mwanga ukitoka kwenye taji la jua, mrefu kuliko wowote uliokuwa umepigwa picha hadi siku hiyo. Wenye darubini kubwa hawakuupata, kwani darubini kubwa huona karibu na kwa kina, na mkia ulikwenda mbali. Mwaka 1900 wakaenda Algiers. Mei 1901 akawa Mauritius kwa kupatwa kwa jua kwingine. Mtu asiye na cheo, asiye mwanachama wa jumuiya yoyote yenye hati ya kifalme, ana lenzi yake ndani ya meli kwenye Bahari ya Hindi. Nilipokuwa mdogo pwani hatukufundishwa kwamba aliwahi kupita mtu kama huyo.

Haya, sasa niingie kwenye uhakiki hasa, maana mpaka hapa nimekuwa nikisimulia tu.

Mwaka 1908 kilitoka kitabu cha kueleza mbingu kwa msomaji wa kawaida, The Heavens and Their Story, kikiwa na majina mawili, Annie na Walter Maunder. Watu wengi wanaoandika juu ya Annie wanautaja utangulizi wa kitabu hicho kwa sifa kubwa, kwa sababu humo Walter anakiri waziwazi kwamba ingawa kitabu kina majina ya wote wawili, karibu chote ni kazi ya mkewe, yeye mambo yalimbana mapema akashindwa kuendelea. Wanausoma kama ushahidi wa mume mwadilifu. Na kwa kweli, ukilinganisha na waume wengine wa enzi hiyo, Walter anasimama vizuri. Alikuwa mstari wa mbele kuunda British Astronomical Association mwaka 1890, ambayo iliwakubali wanawake tangu siku ya kwanza, na Annie akawa mhariri wa jarida lake.

Lakini utangulizi ule nausoma kwa jicho jingine. Kwanza, kukiri kunafanyika katika kitabu cha umma, siyo katika makala ya kitaaluma. Miaka minne kabla, 1904, ulichapishwa ule mchoro maarufu wa kipepeo. Asiyeujua: ukichora mahali pa kila doa la jua kwa miaka mingi, mlalo ukiwa wakati na wima ukiwa umbali kutoka ikweta ya jua, madoa huanza katikati ya kila nusu ya jua na kusogea kuelekea ikweta kadiri mzunguko wa miaka kumi na moja unavyokwenda, na picha inayotokea ni mabawa ya vipepeo waliojipanga. Ni mchoro ambao hadi leo kila mwanafunzi wa fizikia ya jua anaufahamu. Annie mwenyewe alieleza uzeeni kwamba waliutengeneza nyumbani jioni, mmoja akisoma namba, mwingine akichora vistari. Makala yenyewe ilitoka kwa jina la Walter peke yake. Na wala haikuwa kwamba jarida la jumuiya lilikataa majina ya wanawake: mwaka 1907 Annie alichapisha humo makala nzito juu ya madoa ya jua kwa jina lake. Kwa hiyo 1904 jina lake lingeweza kuwekwa, na halikuwekwa.

Pili, na hili ni la lugha, Walter anapokiri anamwita "mke wangu". Jina liko kwenye jalada, lakini pale hasa anapompa haki yake, anampa kama mke. Namwelewa, ndiyo adabu ya wakati ule. Ila najiuliza adabu hiyo ilimgharimu nani.

Hapo hapo niwe mkali kwa upande wa pili pia, maana siku hizi upepo umegeuka na watu wanampa Annie hata visivyo vyake. Kile kipindi cha mwaka 1645 hadi 1715, madoa ya jua yalipokaribia kutoweka, kinaitwa kwa jina la Maunder, jina alilokibandika Jack Eddy mwaka 1976. Nasoma mahali pengi kwamba jina hilo ni la Annie sawasawa na Walter. Makala za Walter za kwanza juu ya kipindi hicho zilitoka 1890 na 1894, na mwenyewe aliegemea kazi ya Mjerumani Spörer. Mwaka 1890 Annie alikuwa hajaingia Greenwich. Tukimpa cha watu kwa kuwa alinyimwa chake, tutakuwa tumerudia kosa lile lile, na siku mtu akigundua, atakitilia shaka hata kipepeo.

Shida inatoka kwenye lile jina la ukoo. "Maunder 1904", "Maunder 1907". Kwenye orodha ya marejeo mtu anasoma jina moja, na mwanamume ndiye anayelichukua. Hapa ndipo ninapowakumbuka wazee wetu wa pwani. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyeandika utenzi wake 1858, alikuwa mke wa Bwana Mataka wa Siyu, mtu mkubwa aliyepigana na Sultani. Lakini hakuna anayemwita Mwana Kupona Mataka. Alizaliwa binti Mshamu, akaolewa binti Mshamu, akafa binti Mshamu. "Mwana" inamtambulisha, "binti" inamtambulisha tena. Kazi ambayo kiwakilishi chetu hakiifanyi, majina yetu ya zamani yaliifanya mara mbili. Annie angezaliwa Lamu angebaki binti Russell, na hakuna mchoro wa 1904 ambao ungeweza kummeza ndani ya jina la mumewe. Kisha sisi wenyewe, tulipoingia mashuleni na kwenye pasipoti, tukayaacha "binti" na "Mwana", tukachukua majina ya ukoo ya kizungu pamoja na matatizo yake, huku "a-" yetu ikibaki kimya kama ilivyokuwa. Sasa hatuna kinga ya upande wowote.

(Kidokezo kidogo kwa wana-SOAS. Aliyewaletea wasomaji wa Kiingereza utenzi huo kwenye chapa ya 1934, pamoja na Hichens, ni Alice Werner, naye msomi wa Cambridge, chuo cha Newnham, wa enzi zile zile za kunyimwa shahada. Shule yetu ilipata hati yake ya kifalme 1916, mwaka ule ule Annie alioingia kwenye jumuiya ya wanajimu. Nalitaja tu.)

Nimeahidi kwenye kichwa cha habari kumzungumzia Madame Lepaute, na sababu ni kwamba anaonyesha kuwa mchezo huu ni wa zamani kuliko hati ya 1831, tena umeanzia kwa nyota ya London. Nicole-Reine Lepaute alizaliwa Paris 1723, akaolewa (tena kitenzi hicho!) na fundi saa wa mfalme. Ndani ya kitabu cha mumewe cha ufundi wa saa cha 1755 kuna jedwali la mizunguko ya pendulamu alilolikokotoa yeye. Edmond Halley wa hapa London alikuwa ametabiri kwamba nyota yenye mkia ya 1682 ingerudi karibu na 1758. Wafaransa wakataka kujua itarudi mwezi gani. Clairaut akaweka nadharia, na kazi ya kukokotoa jinsi Mushtari na Zohali zinavyoivuta nyota hiyo na kuichelewesha wakaifanya Lalande na Madame Lepaute, kwa miezi sita, asubuhi hadi usiku, wakati mwingine hata mezani kwenye chakula. Novemba 1758 wakatangaza: katikati ya Aprili 1759, tofauti isizidi mwezi mmoja. Nyota ikapita karibu na jua tarehe 13 Machi 1759. Mwezi mmoja, kwa kalamu ya wino na karatasi.

Mwaka 1760 Clairaut akatoa kitabu chake cha nadharia ya nyota zenye mikia. Jina la Lepaute halimo kwenye shukrani. Tunajua mchango wake kwa sababu Lalande alisimama akausema, na akaurudia miaka mingi baadaye katika kitabu chake kikubwa cha 1803. Lalande ndiye shahidi wetu, na wanahistoria wanamshukuru. Namshukuru na mimi. Lakini someni sababu anayoitoa. Anasema Clairaut alilifuta jina hilo ili kumridhisha mwanamke fulani aliyekuwa akimwonea wivu Madame Lepaute.

Hebu tulieni hapo kidogo. Mwanamume, mwanachama wa Akademia, ameketi na kalamu yake, amelifuta jina la mtu aliyemfanyia kazi ya miezi sita. Na mtetezi wa mdhulumiwa, katika kumtetea, anakwenda kumtafuta mwanamke mwingine wa kumbebesha lawama! Sijaona mahali ambapo Lalande anauliza kwa nini Akademia nzima ilikubali kuondoka na hesabu bila mkokotozi wake. Wivu wa wanawake ulimtosha. Hata sifa zake nyingine kwa Lepaute zina harufu hiyo: anamsifu kwa akili, halafu anaongeza kwamba aliendesha nyumba yake vizuri. Nimewahi kusikia hotuba kama hiyo kwenye mazishi, tena siyo Ufaransa.

Lepaute hakukaa kimya. Alikokotoa na kuchora ramani ya kupatwa kwa jua kwa tarehe 1 Aprili 1764, akafanya kazi ya majedwali ya nyota kwa miaka mingi, akamuuguza mumewe, akafariki 1788. Leo kuna kreta mwezini yenye jina lake. Na Annie ana darubini: ile iliyowekwa Greenwich mwaka 2018 inaitwa kwa jina lake lote, Annie Maunder, siyo Maunder tu. Nikiwa na wageni nawapeleka kilimani kuiona, ingawa wao huja kupiga picha wamekanyaga ule mstari wa meridiani. Brockley nako, kusini-mashariki ya jiji, kuna bamba la buluu lenye majina yao wawili. Nyumba ya kawaida kabisa, unaweza kuipita ukielekea kwenye duka la kinyozi.

Nirudi kwenye ukurasa wangu. Dai letu kwamba Kiswahili hakibagui nimelipunguza, sijalitupa. Hati ya Kiswahili isingemfungia Annie mlango, hilo ni jambo kubwa na nitaendelea kulisema darasani. Ila wasifu wa Kiswahili unaweza kumpoteza ndani ya nyumba akiwa amekwisha kuingia, bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya, kwa sababu "a-" inakaa kimya na msikilizaji anajaza mwenyewe. Wale wazazi watatu hawakuwa na kosa. Kosa ni la mwandishi aliyeitegemea sarufi imfanyie kazi ya kutaja.

Nimeiandika upya hivi: "Annie binti Russell alikuwa na miaka 23 alipoanza kupiga picha ya jua pale Greenwich. Alilipwa pauni nne kwa mwezi. Alipoolewa na mkuu wa idara yake, kanuni ya serikali ilimtaka aache kazi, mumewe akabaki. Miaka miwili baadaye alikwenda India na lenzi yake ndogo." Sijui kama wahariri wetu watapenda "binti Russell". Mmoja niliyemwonyesha amesema ni kumvalisha Mzungu kanga. Mimi naona inamkaa.

Watoto wameusoma Jumamosi iliyopita. Msichana mmoja wa miaka tisa hakushangaa hata kidogo kwamba ni mwanamke, alichotaka kujua ni nani alikuwa akisoma namba na nani akichora. Sikuwa na jibu la kumpa.

Jambo moja la mwisho, la istilahi. "Mnajimu" bado inanisumbua, kwani mtaani mnajimu ni mtu wa kutazamia bahati, na watoto walicheka niliposema Annie alikuwa mnajimu. "Mwanafalaki" ni zuri, ila wengi hawalijui. Na kwa ile kazi ya Greenwich nimetumia "mkokotozi", ambalo linakwama kidogo kinywani. Mwenye neno bora alilete, maana ukurasa unaofuata ni wa Caroline Herschel, na nitalihitaji tena.